Sinema Waliyoisema Bila Kuiona

Nyumba ya Kona, chumba cha uani,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na zaidi natumai itakukuta umekaa kitako, si umesimama mbele ya tanuri la mikate kama ilivyo ada yako. Goti linasemaje? Mara ya mwisho uliniambia limevimba kwa sababu ya ngazi tu, nami nikaitikia kwa kuwa niko mbali na sina la kufanya, lakini sikuamini. Na kile kikohozi cha unga? Funga kitambaa puani, hata kama wale wasichana unaooka nao wanakucheka.

Huku sisi hatujambo. Mama yupo na cherehani yake, na kaka yako bado ana ugomvi na bomba la jikoni. Analikaza asubuhi, jioni linatiririka, naye analitukana kana kwamba lina masikio.

Mimi mwili uko sawa ila situlii. Karatasi niliyoanza nayo asubuhi nimeitupa. Nimefua nguo zilizokuwa safi, nimepanga vyombo kabatini kisha nikavipangua. Mama ameniuliza kama kiti changu kina sisimizi. Hata sasa nikiandika mguu unachezacheza chini ya meza, kwa hiyo unisamehe mwandiko.

Utasema kwa nini sikupiga simu. Shangazi, tunajuana. Nikitaja nyumbani kidogo tu, mkate unaungua na inabidi ukimbie. Siku moja nilimtaja Babu, mkate ukaungua wakati uliniambia mwenyewe kwamba uko mapumzikoni. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu unaweza kuikata, barua utaiweka mezani na itakungoja hapohapo.

Basi nianze na chama chetu cha Jumamosi, maana bila hicho hutaelewa yanayofuata. Kuna fundi wa makochi mtaa wa pili, na juu ya karakana yake kuna chumba kirefu anamohifadhi sponji. Jumamosi alasiri tunasukuma sponji nyingine ukutani, nyingine tunazikalia, tunafunga madirisha kwa maboksi na kutundika shuka la kuonyeshea sinema. Shuka nililileta mimi kutoka kazini. Ni la hoteli, la kitanda kikubwa, walilikataa kwa sababu ya doa la wino ambalo mashine zetu zote za kufulia zilishindwa kulitoa. Kwa hiyo kila sinema tunayoangalia ina wingu la buluu karibu na miguu ya watu. Tumelizoea.

Sharti la chama ni kwamba ulete sinema unayoipenda wewe ambayo wengine hawajaiona. Sinema maarufu haziruhusiwi. Fundi Saa alileta ya mtu anayehama akiwa amebeba mlango wa nyumba yake mgongoni, na kila anapofika anausimamisha na kubisha hodi. Fundi Saa anaijua yote kwa moyo na midomo yake hutangulia maneno. Nesi alileta ya wanawake wawili wanaokunja pazia kubwa uwanjani, hawasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho, na nilipoangalia pembeni nikaona nusu ya chumba wanafuta macho. Dereva wa lori la maji alileta sinema ya zimwi. Zimwi lenyewe lilikuwa limevaa viatu vya shule. Tulicheka mpaka fundi wa makochi akagonga dari kwa ufagio. Dereva hakucheka. Ilipokwisha akasema aliwahi kuiangalia na ndugu yake marehemu, na yule ndugu aliogopa kweli. Tangu siku hiyo hakuna anayecheka sinema ya mwenzake.

Mimi sikuwa na sinema. Nilikuwa mleta shuka tu.

Majuma machache yaliyopita akaja mwanachama mpya, mama mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu na sasa amestaafu. Tunamwita Mwalimu. Alisema ana sinema aliyoitengeneza kaka yake ujanani, na kwamba mikanda yake ilikaa chini ya kitanda chake miaka yote mpaka mpwa wake alipomsaidia kuihamishia kwenye flashi. Akaomba radhi kwamba sauti inakwaruza. Tukazima taa.

Shangazi, sijui nikuelezeje. Kwanza ilionekana swichibodi ya zamani ya kuunganishia simu, matundu na waya. Kisha mkono ukachomeka waya. Kisha kamera ikapanda ikaonyesha uso, na uso ule nimeuona kwenye kioo kila siku ya maisha yangu. Paji lile, pengo lile la meno. Ulikuwa mdogo kuliko mimi nilivyo sasa. Ukasema, “Subiri kidogo, laini ina shughuli,” na ikawa sauti ileile inayoniambia mkate unaungua.

Fundi Saa alikuwa amekaa karibu nami. Aliangalia shuka, akaniangalia mimi, akaangalia shuka tena, kisha kwa adabu akarudisha macho mbele. Mimi nilibaki nimeng'ang'ania sponji mpaka vidole vikatoboa.

Hadithi yake unaijua kuliko mimi, lakini niache niiandike jinsi nilivyoiona. Kuna mzee anayepiga simu kituoni kila siku akiomba aunganishwe na namba ya mwanawe. Ile namba imeshafungwa. Yule msichana wa swichibodi hana moyo wa kumwambia, basi kila siku anamjibu laini ina shughuli, ajaribu kesho. Wanazungumza kidogo, mvua, bei ya mkaa, usingizi. Mwishoni mzee anakuja mwenyewe kituoni, amelowa chapachapa. Msichana anamvua koti, analitundika kwenye kiti, anampa taulo, na anamwambia ukweli. Mzee anasema alishajua zamani. Alikuwa anapiga ili apate wa kuzungumza naye. Wanakaa pale wawili, taa za swichibodi zinawaka na hakuna anayezipokea. Imekwisha.

Niliporudi nyumbani nilimfuata Baba kwenye bomba lake. Nilimwambia nimeona sinema ya dada yake. Akaweka spana chini. Siku zote tulipouliza utotoni kwa nini Shangazi yuko ng'ambo, tuliambiwa ulikwenda kutafuta maisha, basi. Safari hii akaniambia yaliyobaki. Kwamba Babu alikuwa msimamizi wa bohari. Kwamba mtu mmoja wa mizani alimwambia mbele ya wabeba mizigo kuwa bintiye ameonekana kwenye sinema akimvua mwanamume nguo. Kwamba Babu alirudi nyumbani kabla ya muda wa kazi, na ukaondoka na begi moja, na Bibi alikaa uani akiwa amejifunika kanga kichwani. Picha zako zilitolewa ukutani siku ileile. Baba aliyasema haya akiwa ameangalia bomba. Nilimwuliza kama kuna yeyote nyumbani aliyekwenda kuiona. Akasema nani angethubutu.

Sikuwa na mpango wa kumwonyesha Babu, nakuapia. Macho yake yameingia ukungu siku hizi, anaona mwanga na umbo la mlango, basi. Mwalimu alinipa flashi ili nitafute mahali sauti inapokwaruza, kwa sababu nina spika nzuri kidogo. Alhamisi nilikuwa na zamu ya mapumziko. Mchana ule Mama alikuwa amekwenda kununua nyuzi, na Babu nilijua amelala. Nikafungua kompyuta sebuleni. Nilikuwa narudiarudia palepale, laini ina shughuli, laini ina shughuli, nilipomwona amesimama mlangoni. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo upande.

“Nani huyo?” akauliza.

“Ni sinema, Babu.”

“Sikuuliza ni nini. Nimeuliza ni nani.”

Nilitaka kudanganya, ulimi ukakataa. Nikasema, “Ni Shangazi.”

Alipapasa kiti akakaa. Nilingoja aniambie nizime. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe.

“Anzisha mwanzo,” akasema. “Na uongeze sauti.”

Basi nikaanzisha. Kwa muda alisikiliza tu, kichwa amekiinamisha upande wa sikio lake zuri. Kisha akaanza kuuliza. Anafanya nini sasa? Nikasema ameshika waya. Waya gani? Nikamweleza swichibodi. Amekaa au amesimama? Amekaa. Amevaa nini?

“Gauni lenye kola kubwa,” nikasema.

“Limembana?”

“Hapana. Linampwaya mabegani.”

“Hilo la mama yake,” akasema.

Nikaendelea kumsimulia. Mwanzoni nilikuwa mbovu, nasema anakwenda, anarudi, basi. Babu akanikemea kwamba kama mtu anafungua mlango niseme ni mlango gani. Nikajifunza humohumo. Lakini nikagundua jambo, Shangazi. Kila mlango ulipofunguliwa ndani ya ile sinema, alisogea mbele kwenye kiti na kushika magoti. Akawa ananiuliza, “Ndiyo hapa?” Nami najibu hapana Babu, ameingia mhudumu wa kufagia. Mlango mwingine. “Ndiyo hapa?” Hapana Babu, ni upepo.

Tukafika kwa yule mzee aliyelowa.

“Ameingia mwanamume,” nikasema.

“Mtu wa namna gani?”

“Mzee. Ana fimbo. Amelowa mvua.”

“Endelea.”

“Shangazi anasimama. Anamvua koti.”

Babu alifumba macho, macho ambayo hata yakiwa wazi hayaoni. Sauti ya mvua ilikuwa inasikika kwenye spika, na ule mkwaruzo. Nikasema analitundika koti kwenye kiti. Anampa taulo. Anakaa. Wanazungumza, unawasikia mwenyewe. Kisha taa za swichibodi, kisha maandishi ya majina.

“Imekwisha, Babu.”

“Kipande kingine kiko wapi?”

“Hakuna kingine. Mwenye sinema amesema ni nzima.”

“Rudisha pale kwenye koti.”

Nikarudisha. Nikamsimulia upya, polepole. Akauliza, “Koti tu?” Nikasema koti tu, Babu. Na shati linabaki mwilini? Linabaki, na tai juu yake. Akaomba nirudishe tena. Nikarudisha tena. Mara ya mwisho hakuuliza kitu. Alishika shati lake, akafungua vifungo vyote na kuanza kuvifunga upya, kimoja kimoja, mpaka vikakaa sawa. Kisha akaniambia nimpeleke chumbani.

Ijumaa hakula. Nilipotoka kazini nilimkuta amevaa kofia na viatu, amekaa mlangoni na fimbo. Akaniambia nimpeleke kwa Mizani. Ndivyo wanavyomwita yule mtu wa bohari mpaka leo, na yuko hai, anaishi kwa binti yake karibu na stendi. Nikajaribu kusema kesho. Babu akainuka, nikaona heri nimshike mkono kuliko aende peke yake.

Tulimkuta barazani anatengeneza redio. Alifurahi mno kumwona mwenzake, akataka kuagiza chai. Babu hakukaa.

“Ile sinema ya binti yangu,” akasema, “wewe uliiona?”

Mizani alitabasamu, akadhani ni mazungumzo ya kawaida. “Sinema gani, ndugu yangu?”

“Ile uliyonieleza kule bohari. Mbele ya wabeba mizigo.”

Ilimchukua muda. Niliona kabisa anatafuta kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kisha akasema, “Aa, ile. Mimi wala sikwenda. Siku zile sinema sikuwa naenda. Ilikuwa inasemwa tu.”

“Ikisemwa na nani?”

“Na watu. Sasa leo nitamkumbuka nani? Kaa basi, unywe chai. Binti mwenyewe hajambo?”

Babu aligeuka. Njiani alikwenda mbiombio mpaka mimi mwenye macho nikawa navutwa. Karibu na kiwanda cha mbao akasimama, pale penye kelele za msumeno, na akasema, “Hata hakumbuki.” Nikamshika tu.

Tangu hapo nyumba haitulii. Babu anatoka chumbani, anafika sebuleni, anarudi. Anashika kiti, anakiacha. Amemwamrisha Baba afungue sanduku la Bibi atafute lile gauni, na Baba alipomwambia halipo, nguo zote za Bibi ziligawiwa, akamwambia atafute tena. Kaka yako amenikasirikia. Jana alinivuta uani akaniambia nimemwashia mzee moto ambao hana nguvu ya kuuzima, na akiugua nijue ni mimi. Mama anasema ni bora moto kuliko kuoza taratibu. Wanabishana jikoni kwa kunong'ona, na bomba linatiririka. Mimi sijui nani yuko sahihi. Kazini nimepitisha pasi ya moto kwenye foronya mpaka ikabadilika rangi, kwa sababu nilikuwa nikiwaza mlango upi utafunguka.

Sasa nije kwenye ombi, maana Mwalimu ananidai jibu. Ukumbi wa chuo cha ufundi umekubali kuionyesha hadharani, viti kweli, si sponji. Mwalimu anasema yule mzee wa koti na yule mfagiaji walifariki, kaka yake naye alifariki, wewe ndiye pekee uliyebaki katika walioitengeneza. Anasema bila neno lako haitoki kwenye mkoba wake. Aliniambia pia kwamba baada ya kuondoka kwako kaka yake hakushika tena kamera. Alifungua duka la kutengeneza feni. Watu wakimwuliza kuhusu ile sinema alikuwa anasema iliungua. Hakuitunza ila dada yake, naye hakumwambia kwamba anayo.

Ukikataa, tutakuelewa, na hakuna atakayekulaumu. Mimi nitakuwa na sinema yangu ya chama ambayo haijaonwa na watu, inatosha. Ukikubali, niambie jina lako liandikweje mlangoni.

Na jambo ambalo nimeogopa kukuuliza. Mwalimu anasema ilionyeshwa jioni chache tu, na wewe ulikuwa umeshapanda gari. Je, wewe mwenyewe uliwahi kuiona? Nimekuwa nikijiuliza hilo kuliko yote. Walioisema ni wengi, mitaa na mitaa, na nikiwahesabu walioiona wanaenea kwenye chumba cha sponji. Sitaki kuamini kwamba nawe umo miongoni mwa ambao hawakuiona, lakini nadhani umo.

Kwa hiyo nimekutilia nakala. Flashi iko ndani ya kitambaa cha maua, nimekishona pande zote ili wasiifungue ovyo huko posta. Tafuta siku isiyo na mikate. Usiiangalie kwenye simu, Shangazi, uso wako utakuwa mdogo kama punje. Azima kompyuta ya wale wasichana, na kama wataka kukaa nao wakuone, waone. Ulikuwa mzuri. Sisemi mzuri wa sura, ingawa hilo nalo nimelirithi na silikatai. Ulikuwa unamsikiliza yule mzee kama vile hakuna mtu mwingine duniani mwenye simu.

Niliacha kalamu kidogo, nimerudi. Babu alikuwa mlangoni kwangu. Alisikia karatasi.

Basi nikupe salamu zao. Baba anakusalimu, anasema hana hasira na wewe, hasira yake ni juu yangu na bomba. Mama anakusalimu sana, na anataka vipimo vya kiuno chako bila kudanganya, ana kitambaa. Fundi Saa, ambaye hamjuani, ameniomba nikufikishie heshima zake. Mwalimu anakushika mkono.

Na Babu anakusalimu.

Hujasoma vibaya. Najua katika barua zangu zote jina hilo hujawahi kulikuta mahali hapa, maana hakuwahi kulituma nami sikuwa na haki ya kulitunga. Alisimama pale mlangoni akauliza kama ni wewe ninayekuandikia. Nikasema ndiyo. Akasema, “Mwambie nimemsikia.” Nikangoja. Nikamwuliza kama kuna zaidi, akasema hayo yanatosha kwa leo, akaondoka akipapasa ukuta. Nilikuwa nimeshainamia karatasi aliporudi tena.

“Muulize,” akasema, “kule aliko saa hizi ni saa ngapi.”

Mungu akulinde na akupe usingizi mwema, akuondolee na maumivu ya goti. Ukijibu, andika na saa.

Mimi mwana wa kaka yako, ninayekupenda nikiwa sijatulia,
Chiriku